Nimebebwa kwa Jeneza Mara Tisa Nikiwa Hai

Nyumba ya bati jekundu, nyuma ya msikiti,
Kijiji cha Mtupani,
Mafia.

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Bi Nasma Abeid,
Mwenyekiti, Kamati ya Maafa ya Kijiji,
Mtupani.

YAH: MALALAMIKO YA MAJERUHI WA KUDUMU, PAMOJA NA OMBI LA KIBALI CHA KUFA

Ndugu Mwenyekiti, mwanangu Nasma,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba. Tusipoteze muda kutambulishana. Mwaka 1979 nilikuchanja begani nawe ukaniuma kidole. Kovu lako unalo, langu ninalo, na hayo yanatosha kuwa vitambulisho. Kwa ajili ya jalada tu nitaandika kwamba mimi ni Kheri bin Shaibu, bwana afya mstaafu, mwenye umri wa miaka themanini na mitano na mapafu mawili yanayofanya kazi ya moja.

Naandika sasa kwa sababu siku zangu si nyingi. Daktari alimweleza mjukuu wangu Safia hali ya kifua changu kwa robo saa nzima, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na Safia alipotoka akanifupishia: "Babu, amesema upumzike." Nilielewa. Neno hilo nimewahi kuwaambia watu wengi. Basi kabla sijapumzika nina malalamiko saba, na baada yake nina ungamo moja. Nakuomba usiruke kwenda kwenye ungamo. Nakujua.

Kwanza nikumbushe jambo lilivyoanza. Baada ya kimbunga cha Mei 2024 kutupitia na kutung'olea minazi, kijiji kiliunda Kamati ya Maafa. Wewe ukachaguliwa mwenyekiti, na Bwana Theonest, afisa afya wetu aliyetoka Muleba, akawa katibu. Nilifurahi sana. Mambo hayo nilianza kuyahubiri tangu kipindupindu cha mwaka 1978, wakati watu wakiniona nakuja na dawa ya kutia kisimani walikuwa wakificha ndoo. Nimeishi hadi kuona kibuyu chirizi cha kunawia mikono kwenye kila mlango wa choo. Kila nyumba sasa ina begi la dharura lenye tochi, filimbi, vidonge vya kutibu maji na pakiti za chumvi na sukari za kumtengenezea maji anayeharisha. (Pakiti za begi langu zimeshalambwa na vitukuu, lakini hilo si lalamiko.)

Mkafungua Daftari la Wasiojiweza, na jina la kwanza likawa langu. Sikukataa. Mazoezi ya uokoaji yanahitaji majeruhi, na majeruhi mzuri ni yule ambaye ukimfuata nyumbani humkosi.

Zoezi la kwanza mlinibeba kwa machela ya zahanati. Wabebaji walikuwa wanne. Walipofika kisimani walichoka, wakanitua juani, wakaenda kutafuta wenzao, na wenzao wakasema wana shughuli. Kutoka mlangoni kwangu hadi shuleni, kule kwenye mwinuko wa mikorosho, tulitumia saa moja na dakika hamsini. Bwana Theonest alitazama saa yake akasema kwa masikitiko, "Mzee Kheri, hapa ungekuwa umekufa mara tatu." Ndipo Kombo, mtunza vyombo wa msikiti, akatamka neno lililoleta yote haya: "Si mumchukue kwa jeneza." Imamu akaulizwa. Akajibu kwamba jeneza ni mbao tu, na kumsaidia mgonjwa ni thawabu.

Zoezi la pili tulitumia dakika kumi na mbili.

Bwana Theonest anaamini kwamba sababu ni mikono minne ya jeneza. Aliandika kwenye taarifa yake kuwa chombo kina muundo bora. Sisi wenyeji tunajua sababu yenyewe. Hapa kwetu mtu akiona jeneza linapita hawezi kukaa. Aliye juu ya mnazi hushuka. Anayekula huacha tonge. Anayegombana na mwenzake humwambia tutaendelea baadaye, wakaenda wote wawili kutia bega. Mgonjwa ni wa jamaa zake, lakini jeneza ni la watu wote. Siku ile nilipita juu ya mabega ya kijiji kizima kama barua ya haraka, na tangu siku hiyo machela haijatoka tena zahanati. Nimebebwa hivyo mara tisa. Malalamiko yangu ni haya.

1. Jeneza hilo linajua njia moja tu. Tukifika njia panda, mkono wa kulia ni shuleni na mkono wa kushoto ni makaburini, kwenye mwinuko ule ule. Mara zote tisa nimesema kwa sauti, "Shuleni, jamani, shuleni," na mara zote tisa tumekata kushoto. Wabebaji wanaapa kwamba hawakukusudia, miguu imezoea. Katika zoezi la pili Bwana Theonest alikuwa shuleni na kipaza sauti, orodha na katoni la biskuti, akiwasubiri wahanga mia tatu na kumi. Alifikiwa na mbuzi wawili. Nilitarajia Kamati yako iwafundishe wabebaji kulia na kushoto. Badala yake mlihamisha kibao. Sasa kibao cha MAHALI SALAMA PA KUKUSANYIKA kimesimikwa kwenye lango la makaburi. Sisemi kwamba kinadanganya. Nasema tu kwamba wageni wakipita husimama kukisoma, kisha hutazamana.

2. Kwa desturi yetu wanawake hawalifuati jeneza hadi makaburini. Husindikiza mpaka nyumba ya mwisho, wakabaki hapo. Nyumba ya mwisho ni ya Bi Chiku, mjane wa marehemu Sadick, anayekaanga vitumbua kibarazani. Kwa hiyo kila zoezi wanaume wote huokoka na wanawake wote hubaki bondeni, wamekaa kwa Bi Chiku, wakiwemo wajawazito, wanyonyeshao na wewe mwenyewe Mwenyekiti. Hata Nesi Angela, ambaye ni Mkristo kutoka bara na hakuna desturi inayomzuia kuendelea, alisema hawezi kuwaacha wenzake, tena vitumbua vilikuwa bado vya moto. Katika taarifa ya zoezi la nne Bwana Theonest aliandika: "Waliookolewa: wanaume wote. Waliopotea: Mwenyekiti na wengineo." Uliitia sahihi taarifa ya kupotea kwako. Nimeiona kwa macho yangu.

Kwa haki ya Bi Chiku niongeze kwamba kila nikipita mbele yake hunipa kitumbua. Yeye hunyoosha mkono kutoka kibarazani, nami nanyoosha wangu kutoka jenezani. Wabebaji hawapunguzi mwendo, na hatujawahi kukiangusha. Hilo nalo si lalamiko.

3. Wakifika makaburini, watu hawajui la kufanya na mtu aliye hai. Hupanga safu kwa mazoea, hukumbuka, hucheka, kisha kwa mazoea hayo hayo hurudi kwenye nyumba ya msiba. Nyumba ya msiba ni kwangu. Kimbunga, kwa mujibu wa mafunzo ya Bwana Theonest, kinaweza kuvuma nusu siku. Watu wa Mtupani hukaa mahali salama dakika ishirini, kisha hushuka wote, katikati ya kimbunga, kuja kula kwangu. Safia ni mkulima wa mwani. Ana kamba zake baharini zinazomsubiri maji yakitoka. Leo hii ana sufuria kubwa kuliko ya shule. Nao wakishashiba huja kunipa mkono na kunipa pole. Niliwahi kumuuliza mmoja, pole ya nini. Akasema, "Ya msiba, Mzee. Ndiyo dunia."

4. Majeruhi huvishwa kadi shingoni: ya kijani kwa anayetembea, ya njano kwa anayeweza kusubiri, nyekundu kwa mahututi, nyeusi kwa aliyekwisha. Katika zoezi la tano kadi nyekundu hazikuwa zimeandaliwa, nikavishwa nyeusi. Nilipoomba maji, Jumanne seremala, ambaye mmemfanya kiongozi wa huduma ya kwanza, alinisomea mwongozo: mwenye kadi nyeusi asihudumiwe kabla ya wenye rangi nyingine. Nikamwambia mwongozo huo niliwahi kuufundisha mimi, yeye akiwa hajazaliwa. Akasema, "Basi Mzee, unaujua." Nilisubiri zamu yangu nyuma ya mtu aliyeteguka kidole cha mguu.

5. Jeneza ni fupi. Visigino vyangu vinaning'inia. Marehemu waliotangulia hawajalalamika, lakini hiyo si hoja.

6. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika zoezi la tisa, lile lililokuja na wageni wa kulitazama, pumzi ilinikata kweli. Tulikuwa tumeshapita njia panda. Niliona mikorosho inazunguka, kisha sikuona kitu. Nilipozinduka nilisikia makofi. Bwana Theonest alikuwa akiwaeleza wageni kwamba huyu ni majeruhi bora kuliko wote aliowahi kufanya nao kazi. Nilitaka kusema kwamba sikuigiza, lakini kinywa hakikufunguka: Kombo, ambaye kazi yake anaijua, alikuwa ameshanifunga kidevu kwa kitambaa na alikuwa anaelekea kwenye vidole vya miguu. Nikamshika mkono. Akaninong'oneza, "Tulia Mzee, wageni wanatazama."

Nilitulia. Lakini tangu siku hiyo sina raha. Najiuliza: siku nitakapokufa kweli, nani atajua? Safia atalia, na jirani atasema mjukuu naye sasa ameiva. Nitalala kimya, nao watasema leo Mzee amezidi. Watanifikisha kwa dakika kumi na mbili, watapanga safu, watacheka, kisha watanirudisha nyumbani ili wapate kula. Wiki iliyopita kikohozi kilinibana nikashindwa kuitikia hodi. Jumanne alichungulia dirishani, akaniona nimelala chali, akasema, "Mzee, leo si siku yake," akaenda zake. Mwanangu Nasma, kufa sikuogopi. Naogopa kufa nisisadikiwe.

7. Hoja ya saba inatoka katika hizo sita, nami nimeipima wiki nzima nisione pa kuikwepa. Watu wa Mtupani hawakimbii upepo, wanafuata jeneza. Jeneza halitoki tupu, kwa kuwa ni mkosi. Kwa hiyo pasipo maiti hapana uokoaji. Maiti wenu ni mimi. Nikifa mtanizika, na kuanzia hapo kijiji hakina maiti. Kimbunga kitakuja, watu mia tatu na kumi watatoka vibarazani, wataulizana nani amekufa, wataambiwa hakuna, watarudi kukaa. Kumbe basi kufa kwangu ni hatari kwa usalama wa umma. Nami niliutumikia umma huo miaka thelathini na minne, sijauhatarisha hata siku moja, sitaanza sasa. Kwa hiyo siwezi kufa bila kibali cha Kamati, na Kamati haiwezi kutoa kibali kabla hajapatikana mrithi. Nilimpelekea Kombo pendekezo hilo. Akasema, "Mimi hubeba, sibebwi." Nimewauliza wengine saba, wote wamenijibu hivyo hivyo. Ndivyo tulivyo mbele ya maafa yote: kila mmoja amejiandaa kuwa mbebaji.

Sasa ungamo, kama hukuliruka bado.

Mnakumbuka mlivyoshangaa siku ya zoezi la tatu. Mimi nakumbuka zaidi. Nesi Angela alikuwa ameniagiza nipulize puto kila asubuhi ili kufungua kifua. Puto sikuwa nalo. Chini ya kitanda nilikuwa na pembe ya mbiu, ile niliyokuwa nikiipuliza mwaka 1978 kuwaita watu waje kuchukua dawa. Nikaipuliza mara moja, kwa ajili ya afya. Kwa kuwa Kamati nayo huita mazoezi kwa pembe, sijaishusha mdomoni, jeneza likawa mlangoni. Kombo akauliza nani ameita. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na pumzi, na pumzi iliporudi nilikuwa nimeshapita kisima. Taarifa ikaandikwa "zoezi la kushtukiza". Bwana Theonest alidhani umeliita wewe. Wewe ulidhani ameliita yeye. Kila mmoja aliona aibu kuuliza, mkapongezana. Mimi nilikuwa nimelala katikati yenu nikiwasikiliza.

Kati ya mara hizo tisa, Kamati iliita nne. Tano ni zangu. La tatu lilikuwa bahati mbaya. La tano, la sita na la nane nilitia nia. La kumi nililiita baada ya kuzimia kwangu, nikiwa na hofu ile ile niliyoieleza hapo juu, na kwa hilo sina la kujitetea.

Utauliza kwa nini. Tangu mke wangu atangulie na wanangu wahamie Dar es Salaam, watu hunisalimu wakipita. Ni watu wema. Huniita Mzee, huuliza hali, na kabla sijafika kwenye habari za kifua wao wameshafika kwenye kona. Lakini ukipuliza pembe, wanaingia ndani. Wanakuinua. Kila mmoja anataka bega lake liwe chini yako, hata wale ambao mwaka 1978 nilifunga visima vyao na wakaapa hawatanizika. Nimehesabu kwa macho nikiwa nimelala: wote wamenibeba. Miaka thelathini na minne niliwatisha watu hawa kwa kazi, na uzeeni nimegundua kwamba mkono wangu haujasahau kutisha. Naomba radhi kwako, kwa Bwana Theonest, na kwa Safia kwa ajili ya kamba zake za mwani. Pembe yenyewe naikabidhi kwa Kamati pamoja na barua hii.

Kwa hayo yote naomba jina langu lifutwe kwenye Daftari leo hii. Machela iliyotobolewa na panya ishonwe, jeneza lirudi msikitini likasubiri kazi yake, na kibao kirudi shuleni pamoja na biskuti zake. Kamati initolee kibali cha kufa chenye mhuri, nikibandike mlangoni, ili siku ikifika yeyote mwenye shaka asome kabla ya kupiga makofi. Zoezi la Alhamisi hii msinihesabu. Sitaki tena kubebwa na mtu yeyote kwa sababu yoyote, mpaka niwe sijui kwamba nabebwa. Huo ni uamuzi wangu wa mwisho, na nimeuandika kwa wino.

Nisalimie mumeo na watoto. Nisalimie wajumbe wote wa Kamati, waliookolewa na waliopotea. Bwana Theonest mwambie kazi yake ni nzuri, kasoro ni watu. Imamu namwomba dua. Kombo msalimie, umwambie mafundo yake hayafunguki kwa urahisi, nami namsifu kwa hilo. Wale mbuzi wawili waliofika shuleni nao wapewe salamu. Hao peke yao walifuata maelekezo.

Nabaki mwenzenu katika kujiandaa,

Kheri bin Shaibu,
Bwana Afya Mstaafu,
Majeruhi wa Kudumu (aliyejiuzulu).

Nakala: Katibu wa Kamati, Imamu, Kombo (asomewe polepole).

Nyongeza. Safia amerudi kutoka pwani kuja kuichukua barua, akanikuta nalamba bahasha. Anasema Kamati imekaa asubuhi bila kungoja neno langu, imenionea huruma, na Alhamisi atakayelala jenezani ni Jumanne seremala.

Jumanne hafai. Ana mabega ya kubeba, si ya kubebwa. Hajui kulala, atakuwa anainuka kila hatua kutazama nani ametia bega na nani hajatia. Na ni nani aliyempa ruhusa ya kupokea kitumbua?

Barua hii ichukulieni kama haikuandikwa. Jina langu lirudi kwenye Daftari, namba moja, kwa wino ule ule. Machela msiishone. Kibao kiacheni kilipo, watu wameshakizoea. Nivisheni kadi yoyote, hata nyeusi. Kanzu yangu imeshapigwa pasi. Pembe siileti, na Alhamisi ikifika saa nne hamjatokea, nitaipuliza mwenyewe.

Kibali nacho sikihitaji tena, kwa kuwa nimeona jinsi mtakavyojua. Bi Chiku atanyoosha mkono kama kawaida. Siku nitakayopita na kitumbua kikabaki mkononi mwake, hilo si zoezi. Siku hiyo Safia asipike, wapike majirani. Na mkifika njia panda, kateni kushoto. Sitawasahihisha.